Bwana Harusi wa Mninga

Ijulikane kwa wasomaji wote, wenye wapenzi na wasio nao, kwamba sura hii ni ya mapenzi matupu. Humu macho yatakutana, mioyo itayeyuka, na machozi yatatiririka taratibu juu ya mashavu laini. Msimulizi ameapa kusema kweli. Hana upande, hana undugu na mtu yeyote atakayetajwa, na katika maisha yake hajawahi kugusa kitu kisicho chake.

Basi, Jumamosi hiyo, saa nane mchana, Hafsa binti Issa alimtwanga bwana harusi wake utosini kwa chuma cha kilo tano.

Hakuridhika. Alimgeuza akamtwanga kisogoni. Akamlaza ubavu, akavuta kamba, chuma kikapanda hadi juu ya mnara, akakiachia. Kikamshukia bwana harusi sikioni kwa kishindo kilichowarusha kuku wa jirani.

Bwana harusi hakulia wala hakutoa damu. Alikuwa kichwa cha mninga, kimechongwa na seremala wa hapo hapo mtaa wa Isevya, Tabora, ambaye aliagizwa kichwa tu, akaongeza pua na midomo kwa hiari yake. Ndani yake mlikuwa na kidude cha kupima mshtuko, na waya uliotoka shingoni ulikwenda kwenye kompyuta. Aliyempa jina la Bwana Harusi ni Majidi, kaka yake Hafsa. Alisema dada yake ana miaka ishirini na saba na huyo ndiye mwanamume pekee anayemgusa.

Kichwani mwa Bwana Harusi palikuwa na helmeti ya bodaboda, namba kumi na moja. Hafsa aliivua, akaiinua kwenye mwanga, akaibonyeza kwa kidole gumba. Tabaka la juu likabanduka. Chini yake likabanduka la pili, kisha la tatu, kama maganda ya kitunguu.

"Mshenzi wewe," aliiambia.

Akaitupa ukutani. Ikadunda, ikamrudia, akaipiga teke.

Hafsa alikuwa mwalimu msaidizi katika chuo cha ufundi, lakini kazi aliyoipenda kuliko kufundisha ilikuwa hii ya uani kwa baba yake. Alichukua nyuzi za magome ya myombo, zile zile walizofungia mizigo wapagazi wa zamani walipotoka Tabora na pembe za ndovu kuelekea pwani, akazipanga tabaka kwa tabaka, akazinywesha gundi yenye dawa ya kuigandisha, akazikandamiza kwenye kalibu hadi zikauke. Uzi peke yake unapinda. Gundi peke yake inapasuka kama kioo. Vikishikana, pigo linaloangukia mahali pamoja linagawanywa kwa nyuzi mia, na hakuna unaoumia peke yake. Hayo aliyaandika kwenye daftari lake la vipimo. Chini yake aliandika herufi K, akaikata, akaiandika tena.

Sababu ya helmeti ilikuwa Vedasto, rafiki wa Majidi, aliyeanguka na bodaboda barabara ya Ulyankulu akiwa amevaa helmeti ya plastiki. Hafsa ndiye aliyeokota vipande vya helmeti ile. Alivipanga mezani kimoja kimoja, na tangu siku hiyo, kaka yake akiwasha pikipiki, aliacha alichokuwa akikifanya mpaka mlio upotee.

Namba moja hadi sita zilistahimili. Ya saba ikabanduka, ya nane ikabanduka, na ya tisa, iliyolegea kwa ndani tu, ikawekwa pamoja nazo kwenye rafu ya wagonjwa, zingoje kukatwakatwa. Lakini Jumanne asubuhi Majidi aliikuta ya tisa juu ya meza ya sebuleni, imepigwa mhuri wa zambarau: IMEFAULU. Akaivaa kwa maringo, akaondoka. Saa tatu baadaye, njia ya Ntalikwa, mbuzi alikata barabara mbele yake. Majidi alirudi nyumbani amefungwa bendeji, ameshonwa mara saba, na helmeti ikiwa mkononi imekuwa maganda.

Mhuri ule ulikaa kwenye droo ya karakana, na karakana ilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa wa Hafsa. Wa pili alimpa, kwa mkono wake mwenyewe na moyo ukimwenda mbio, mtu anayemletea nyuzi.

Katika nyumba hiyo walikuwamo pia baba yake, Mzee Issa, muuza asali na nta. Mama yake, Bi Batuli. Na kitinda mimba, Siwema, wa kidato cha nne, aliyekuwa likizo kutoka bweni. Huyu ni binti mpole, mwenye adabu za kupigiwa mfano, asiyehusika kwa lolote na habari hii. Hatutamtaja tena.

Pikipiki ikaguruma nje ya uzio. Hafsa aliijua kabla haijazimwa. Kwa miezi minane mlio ule ulimfanya akimbilie mafuta ya midomo. Leo alichukua nyundo.

Kasimiri aliingia akiinama, kwa kuwa lango la Mzee Issa lilitengenezwa kwa watu wa urefu wa Mzee Issa. Alikuwa mfuga nyuki wa Ulyankulu, mkimya, mwenye viganja vilivyoumwa na nyuki hadi vikazoea. Begani alikuwa na mafurushi matatu. Aliyashusha, akafungua moja na kulitandaza ili mnunuzi aone, kama alivyofanya siku zote.

"Habari za mchana, Mwalimu."

"Nzuri."

Mbele za watu alimwita Mwalimu. Kasimiri akatazama huku na huku, akaona hakuna mtu.

"Hafsa," akasema, kwa namna ya mtu anayeweka yai mezani. "Nyundo hiyo ni ya nani?"

"Haijaamua. Kaka yangu ameshonwa mara saba."

"Nimesikia jana usiku. Ndiyo maana nimewahi. Nilitaka nimpe pole."

"Utampa. Anakutafuta tangu Jumanne. Ulikuwa wapi?"

"Msituni, kwenye mizinga. Simu kule haishiki, unajua."

"Umenichanganyia magome gani, Kasimiri?"

"Yale yale. Mti ule ule, bonde lile lile."

"Sita zimeshika, tano zimebanduka. Gundi sijabadilisha. Dawa sijabadilisha. Kalibu ni ile ile. Kilichobadilika ni wewe."

"Mimi sijabadilika, Hafsa."

Alilisema kama vile walikuwa wakizungumza jambo jingine, akamtazama. Msimulizi aliahidi macho yatakutana, nayo yalikutana, ila ya Hafsa yalikuwa yakipima umbali. Akaokota namba kumi na moja akaivurumisha. Ikampata Kasimiri begani. Hakukwepa.

"Rusha na nyingine, kama inakusaidia."

Akarusha ya kumi. Ikampata kifuani. Akarusha ya nane, ikampita na kuvunja ndoo. Akarusha ya saba, ikampata kwenye ugoko, na safari hii Kasimiri aliguna.

"Imeniuma hiyo."

"Ndiyo nia yake."

"Umemaliza?"

"Helmeti zimeisha. Mimi sijamaliza. Nani alipiga mhuri namba tisa?"

"Mhuri gani?"

"Wa kwenye droo. Ndani ya karakana ambayo funguo zake tunazo watu wawili dunia nzima. Mimi sikuipiga. Kaka yangu aliivaa kwa sababu iliandikwa imefaulu, ikampasukia kichwani. Ulitaka zionekane zimeshika ili niendelee kununua? Sema tu. Sema nikuchukie vizuri."

Kasimiri aliingiza mkono kwenye kola ya shati, akavuta uzi. Kwenye uzi ule, pamoja na msalaba mdogo wa mbao, ulining'inia ufunguo.

"Haujawahi kuingia kwenye kufuli," alisema. "Tangu uliponipa."

"Nilikupa ili ukija sipo, uingie uweke nyuzi."

"Ukiwa haupo nilikuwa nakusubiri nje."

"Sasa uliubebea nini?"

"Kwa sababu ulinipa wewe."

Hafsa alihisi magoti yakilegea. Na kwa kuwa hakuna kinachomuudhi mhandisi kama kitu kinacholegea bila sababu inayopimika, aliinua nyundo. Hatujui angeifanyia nini, maana lango lilipigwa teke likagonga ukuta, akaingia Majidi na bendeji yake kichwani, nondo mkononi, na vijana wawili wa kijiwe chake cha bodaboda nyuma.

"Huyu hapa," alisema Majidi.

"Pole sana, kaka," alisema Kasimiri.

"Usiniite kaka. Mimi na wewe tumezaliwa wapi? Na siku nikisikia neno shemeji kinywani mwako, nitayang'oa meno yako yote, la mbele mpaka la nyuma."

"Sijalisema."

"Unalifikiria."

Kasimiri alikuwa mtu mkweli, na alikuwa analifikiria.

Majidi hakutumia nondo kwanza. Alitumia ngumi. Ilimpata Kasimiri puani kwa sauti ya kuni kavu ikivunjwa gotini, akaenda chali juu ya furushi alilolitandaza. Vijana wawili wakamwingia kwa mateke, mmoja kulia mmoja kushoto, kwa zamu, kama watu wanaotwanga. Teke la tatu Kasimiri alilidaka. Aliuvuta mguu ule, mwenye mguu akaangukia kisogo, akabaki anatazama mawingu. Wa pili alipata kiwiko tumboni, akajikunja, akaenda kutapika kwenye ndoo iliyokuwa imekwisha kuvunjika.

"Majidi, acha," alisema Hafsa.

"Kaa pembeni."

Hafsa hakukaa pembeni. Aliruka akamdandia kaka yake mgongoni, akamshika shingo, akamng'ata sikio mpaka akasikia chumvi. Majidi alinguruma, akazunguka mara mbili, akambamiza kwenye mnara wa chuma, akamwangusha. Kisha akainua nondo kwa mikono yote miwili. Kasimiri alikuwa amepiga magoti, damu inamtoka puani, haoni vizuri.

Palikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu. Hafsa alimkwapua Bwana Harusi kutoka kwenye kiti chake, waya ukakatika, akamsukuma kwa mikono miwili katikati ya nondo na mwanamume.

Nondo ilishuka. Pua ya mninga iliruka, ikapita juu ya ukuta, ikaangukia kwa jirani.

Uani palikuwa na wanaume wawili waliovunjwa pua, na Hafsa aligundua, kwa mshtuko ambao hakuna kidude kingeweza kuupima, ni yupi aliyemwogopea. Akataka kusema kitu. Kasimiri alimtazama kutoka chini kwa jicho moja lililobaki wazi, akanyoosha mkono kuelekea kwake, naye Hafsa akaanguka kwa magoti mbele yake.

"Sogeza uso," alimwambia. "Unanizibia mwanga."

"Hafsa?"

"Sogea. Damu yako."

Hakuwa akiitazama pua. Alikuwa akitazama nyuzi. Matone ya damu ya Kasimiri yalikuwa yamedondokea kwenye furushi, na hayakunywewa. Yalisimama juu ya nyuzi, ya duara, mekundu, kama shanga. Hafsa alilisukuma moja kwa ukucha. Likabiringika kama maji juu ya jani la gimbi, likaacha uzi mkavu kabisa. Akachukua fungu, akalisugua kiganjani, akanusa.

"Umezifanya nini nyuzi hizi?"

"Sijazifanya kitu."

"Kasimiri. Zina nta."

"Haa, hiyo." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Hiyo ni ya magunia. Mvua zilipoanza. Ulisema zikifika na maji gundi haishiki na wewe huli wala hulali. Nikayeyusha nta, nikayachovya magunia, nikazifungia humo. Zisilowe njiani."

"Saa tatu juu ya pikipiki. Jua likiwaka."

"Ndiyo."

"Nta inayeyuka, Kasimiri. Inaingia kwenye nyuzi. Gundi inafika inakuta mafuta, inashika nini? Tangu lini?"

"Wiki ya mvua ya kwanza."

Hafsa alifumba macho akahesabu. Wiki ya mvua ya kwanza ilikuwa wiki ya helmeti ya saba.

"Nta kiasi gani?"

"Ya msimu wote."

"Ile uliyokuwa unamletea baba?"

Kasimiri aliitikia kwa kichwa. Kumbe ndiyo maana Mzee Issa alikuwa akilalamika kila alasiri kwamba yule mtu wa Ulyankulu amepata mnunuzi mwingine na wala hana haya ya kusema.

"Ngoja," alisema Majidi, nondo imeshuka. Sikio lilikuwa linamtoka damu. "Kwa hiyo kilichonipasua kichwa ni nta?"

"Nta na mbuzi."

"Basi nimempiga bure?"

"Hukumpiga kwa ajili ya helmeti," alisema Hafsa. "Umempiga kwa sababu ni Kasimiri. Helmeti imekupa ruhusa tu."

Majidi alifungua mdomo kujibu. Badala ya jibu ikasikika sauti ya mwiko ukitua mgongoni mwake. Bi Batuli alikuwa ametoka jikoni.

Bi Batuli hakuuliza nani alianza. Alimpiga Majidi miwiko mitatu, akampiga yule kijana wa kutapika mmoja, akamruka yule wa mawingu kwa kuwa alikuwa chini tayari, akafika kwa Kasimiri.

"Shikamoo, mama," alisema Kasimiri kutoka chini.

"Marahaba." Akampiga mmoja wa begani. "Na huo ni wako, kwa kudondosha damu uani kwangu. Hafsa, mtoto wa watu anavuja, wewe unanusa kamba?"

"Mama, zina nta."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia. Nta inawatoa roho? Miaka thelathini nafua kanzu za muuza nta, nani amewahi kuniona nikipigana? Maji yachemke, magadi ndani. Nta inapanda juu, unaikung'uta. Basi."

Hafsa alimkodolea mama yake macho. Chuoni walikuwa na dawa kali ya kuchemshia nyuzi kabla ya kuzitia gundi, iliyofungiwa kabatini na kutolewa kwa barua. Hakuwahi kufikiria kwamba ndugu yake dawa hiyo alikaa kwenye kopo jikoni, akingoja kulainisha mlenda.

"Lete sufuria," alisema.

"Kwanza uso wake."

Akamwosha uso. Aliuosha kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, mbele ya mama, kaka na vijana wa kijiwe, na hakuna aliyethubutu kusema neno kwa kuwa mwiko ulikuwa bado hewani. Kitambaa kilipofika kwenye mdomo wa juu, Kasimiri alishtuka.

"Inauma?"

"Hapana."

"Mwongo."

"Inauma. Endelea."

"Ungeniambia habari za magunia."

"Ungenizuia."

"Ndiyo, ningekuzuia. Mimi ndiye mhandisi."

"Na mimi niliona nikikuletea nyuzi zilizolowa, hutanihitaji tena."

Kitambaa kilisimama. Hafsa aliyatazama yale macho, moja zima na moja lililovimba, yakamtazama, na chozi moja, lile lililoahidiwa, likamdondoka. Lilidondokea kwenye nyuzi, likabiringika. Akacheka huku analia, akaenda kuchochea moto.

Maji yalipochemka na magadi kuingia, povu lilipanda, na juu ya povu ukatanda utando wa njano wenye harufu ya msitu. Bi Batuli aliukung'uta kwa mwiko ule ule wa adhabu. Hafsa alisuuza fungu moja, akalianika kwenye bati la moto, na lilipokauka alilidondoshea tone la maji. Tone likazama. Halikubaki hata duara.

Mzee Issa aliwakuta hapo aliporudi kutoka swala ya alasiri. Aliitikia shikamoo za kila mtu, akatazama damu, akatazama pua ya mninga isiyokuwepo, akaketi kwenye benchi lililotengenezwa kwa nyuzi na gundi. Benchi hilo alilipiga marufuku mwaka jana. Tangu hapo hakuwahi kukalia kiti kingine. Akasimuliwa yote, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Nta nimeelewa," alisema. "Mtu akimwaga nta ya msimu mzima kwa ajili ya kamba, huyo ana lake moyoni, simlaumu. Lakini mhuri? Aliyepiga mhuri wa uongo amecheza na roho ya mwanangu. Mtu wa namna hiyo siwezi kumpa binti."

Hakuna aliyekuwa ameomba binti. Wote walilitambua hilo, na wote wakatazama chini.

"Sikupiga mimi, mzee," alisema Kasimiri.

"Ufunguo unao."

"Ninao."

"Basi usirudi tena kwangu, kijana. Nakuambia kwa upole."

Kasimiri aliuvua ufunguo shingoni. Alitaka kuurudisha. Hafsa aliuona ukivuka hewani kuja kwake, akauona mkono wake mwenyewe ukikataa kufunguka.

"Baba," alisema, "ufunguo wake unakaa shingoni, mchana na usiku. Wangu unakaa chini ya mto, chumba ambacho silali peke yangu. Kati ya funguo hizi mbili, uliokuwa rahisi kuibwa ni upi?"

Mzee Issa aliacha kupapasa ndevu. Bi Batuli aligeuka taratibu kuelekea kwenye tangi la maji.

"Wewe uliyejificha huko," alisema. "Toka. Na utoe mkono mfukoni."

Hapa msimulizi angependa kuhamia kwenye maelezo ya machweo ya Tabora, lakini hataruhusiwa. Siwema alitoka. Akatoa mkono. Kidole gumba kilikuwa cha zambarau tangu Jumatatu usiku. Kilikuwa kimesuguliwa kwa limau, kwa sabuni ya unga na kwa mafuta ya taa, na wino haukutoka.

Sawa. Ni mimi.

Mimi ndiye Siwema, binti mwenye adabu za kupigiwa mfano. Dada yangu ananisimulia mengine, na daftari lake la vipimo nalisoma anapolala. Ndiyo maana naijua ile herufi K na yote yaliyokuwa moyoni mwake. Jumatatu usiku nilichukua ufunguo chini ya mto. Nilitaka Majidi aringe sebuleni na helmeti mgonjwa, nimcheke, nimwambie, yaishe. Niliamka nimechelewa. Alikuwa ameshaondoka nayo.

Aliporudi na bendeji nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika. Nikanyamaza. Niliwasikia wakisema ni Kasimiri, nikanyamaza. Nilimwona akipigwa mateke, nilikuwa nyuma ya tangi, hatua kumi, nikayahesabu, na mpaka nondo inapanda nilikuwa bado nimenyamaza. Aliyemwokoa ni kichwa cha mbao.

Niliyasema hayo mbele yao wote, bila madoido niliyoyatia hapa. Baba hakunipiga. Mama aliuweka mwiko chini, jambo lililonitisha zaidi, akasema nyuzi zote za karakana nitazichemsha mimi mpaka likizo iishe. Majidi aliigusa bendeji yake, akanitazama kwa muda mrefu, akageuza uso. Hilo ndilo pigo nililolipata siku ile, nami bado ninalo.

Kasimiri ndiye aliyesogea. Pua yake ilikuwa kubwa kama ngumi. Aliinama, kama anavyoinama kwenye lango letu, akaninong'oneza, lakini uani kulikuwa kimya mno, kila mtu akasikia.

"Yameisha, shemeji."

Vijana wa kijiwe walirudi nyuma hatua moja. Majidi aligeuka. Aliitazama nondo iliyolala chini, akautazama mdomo uliovimba wa Kasimiri.

"Amebakiwa na meno mangapi?" akauliza.

"Yote," alisema Hafsa.

"Ana bahati," alisema Majidi, akaenda kwa jirani kutafuta ile pua.

"Kasimiri," alisema dada yangu, ufunguo akimrudishia shingoni kwa mikono yake. "Jumamosi ijayo usilete nyuzi. Lete wazee wako."

"Na dini je?" aliuliza baba kutoka kwenye benchi.

"Hilo ni pigo la pili, baba. Bado tuko kwenye la kwanza."

Baba alikohoa. Hakusema ndiyo, na wala hakusema tena kwamba asirudi.

Nami nakiri la mwisho. Neno lile, shemeji, alilolingoja miezi minane na ambalo kwa ajili yake angeng'olewa meno, hakuanza kumwambia kaka yangu. Aliniambia mimi, mtu pekee pale uani ambaye hakulistahili.